Taa zote mbili zimewaka: mbona pointi kapewa mmoja?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama, naishi Kisauni. Olimpiki ya Paris 2024 niliifuatilia kwa sababu ya Alexandra Ndolo wetu, mchezaji wa mchezo wa upanga. Katika epe, aina ya upanga anaochezea, wachezaji wakigusana pamoja na taa zote mbili zikawaka, kila mmoja hupata pointi. Juzi mimi na binti yangu tumetazama marudio ya fainali ya wanawake ya kitara, ile aina nyingine ya upanga, Manon Apithy-Brunet na Sara Balzer. Taa zinawaka mbili, wote wanageuka kumpigia mwamuzi kelele, kisha mmoja tu ndiye anayepewa. Anaamuaje? Au ni upendeleo, maana wote ni Wafaransa?

JIBU: Marahaba, mama. Hakuna upendeleo hapo. Katika kitara taa hukuonyesha nani amegusa. Nani ana haki ya pointi, hilo ni la jicho la mwamuzi. Epe haina kanuni hii ya haki, ndiyo maana ukaona kila mmoja anapewa.

Kanuni hii ilitokana na upanga wa kweli. Mtu akikujia na chuma kikali, mwenye akili hukinga kwanza, ndipo arudishe. Ukipiga naye anapiga, nyote mmekatwa. Aliyewahi kutazama kirumbizi harusini ataelewa upesi: fimbo ikikujia, unaipokea kwa fimbo yako kabla hujafikiria kulipiza. Basi anayeanza kushambulia, mkono ukinyooka kuutishia mwili wa mwenzake, huyo ndiye mwenye haki. Mwenzake akitaka kumnyang'anya, sharti aikinge ile bapa, au arudi nyuma mpaka pigo lianguke hewani.

Chukua pigo moja. Wanaanza wakiwa umbali wa mita 4. Mwamuzi anasema "Allez!", yaani anzeni kwa Kifaransa. Wa kulia anavamia, anarusha mguu wa mbele, mkono umenyooka wote. Wa kushoto anaruka hatua moja nyuma na ncha inapita shubiri moja mbele ya kifua chake. Hapo hapo haki imehama. Wa kushoto anaanza shambulio lake. Wa kulia, angali ameinama, anapiga tena kwa pupa. Taa mbili. Wewe nyumbani unaona wamegusana sawa, lakini pointi ni ya kushoto, hata kama yule wa kulia ametangulia kidogo kugusa. Na wakianza pamoja kabisa, wakagusana, hapati mtu. Wanarudi kwenye mistari.

Mashine inayowasha taa nayo ina mpaka wake. Ikishasajili pigo la kwanza, hungoja takriban milisekunde 170 tu. Pigo la pili likichelewa zaidi ya hapo, taa yake haiwaki kabisa.

Kelele hazihesabiwi. Kinachosaidia ni video: katika mchujo wa pointi 15 kila mchezaji anaweza kuomba marudio mara mbili, na akionekana alikuwa sahihi, ombi lake halipotei. Thamani yake utaiona kwenye mechi ya shaba ya siku ile ile. Olha Kharlan wa Ukraine alikuwa nyuma 5 kwa 11 dhidi ya Choi Sebin wa Korea Kusini, akashinda 15 kwa 14. Mechi ile nimeirudia mara nyingi, na kila mara natazama miguu yake tu: anavyomwacha mwenzake amalize pigo, kisha anaingia.

Sisi hapa Mombasa ukumbi wetu hauna mashine. Tunachora njia ya kuchezea ya mita 14 kwa chaki sakafuni, na kila pigo likiisha, watoto waliokaa pembeni husimulia: "Shambulio la kulia, halikufika, shambulio la kushoto, limegusa." Nafurahi sana kuwasikia, maana wamejua kusoma mchezo kabla hawajaiona taa hata moja.

Jaribuni hivyo nyumbani. Zibeni kwa kitambaa ile sehemu ya skrini yenye taa, mtazame mkono na miguu, binti aseme pointi ni ya nani, ndipo mwangalie mwamuzi ameinua mkono upande gani. Mapigo kumi ya kwanza atakosea mengi. Akifika fainali ya pili, mletee daftari.