Matairi ya Golf GTI kwa barabara za Dar

Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha tano ina nguvu za farasi 200, na zote zinashuka kwenye magurudumu mawili ya mbele. Magurudumu hayohayo ndiyo yanayokata kona, na gari likifunga breki uzito unahamia kwao. Ndiyo maana naumia nikiona mtu amelitunza gari hili vizuri, oili anabadilisha kwa wakati, plagi anaweka zile zinazotakiwa, halafu chini kafunga tairi la bei ya chini kuliko yote dukani. Nimeendesha GTI Dar es Salaam misimu ya mvua na ya jua, nimebadilisha matairi ya chapa tofauti, na leo naandika jinsi ninavyochagua.

Tuanze na matairi yaliyokuja na gari kutoka Japani. Gari likiwa limetoka kwenye mikoa yenye theluji, mara nyingi linashushwa bandarini likiwa na matairi ya baridi. Langu lilikuja hivyo. Utayatambua ukiangalia ubavuni: yameandikwa STUDLESS, au yana picha ndogo ya mlima wenye kipande cha theluji ndani yake. Majina kama Blizzak na iceGUARD ni ya familia hiyo. Inama uangalie kashata zenyewe, yaani vipande vya raba vinavyokanyaga barabara, utaona zimechanjwa mistari myembamba ya kujikunjakunja, mingi sana. Bonyeza kwa ukucha, unazama. Raba hiyo imetengenezwa ili ibaki laini kwenye baridi kali. Kwenye lami ya Dar saa saba mchana inakuwa laini kupita kiasi: ukikata kona kashata zinajipinda kabla gari halijageuka, na tairi linalika upesi. Tatizo ni kwamba kashata zinaweza kuwa bado ndefu, na fundi atakwambia hayo ni mapya, tembelea tu. Yatoe. Hapa kwetu joto na mvua vinataka tairi la kiangazi mwaka mzima.

Baada ya hapo ni saizi. GTI hii hufungwa 225/45R17 au 225/40R18, na wengi wanapenda 18 kwa sababu ya muonekano. Mimi nasimama na 17 bila kusita. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya mwisho ni ukubwa wa rimu kwa inchi, na ya katikati ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana, kwa hiyo ubavu wa tairi la 17 una milimita 101, na wa 18 una milimita 90. Milimita 11 zinaonekana si kitu hadi uingie kwenye shimo lililojaa maji usiku. Ubavu mfupi ukibanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo, nyuzi za ndani zinakatika na tairi linatoa nundu, na hiyo nundu haina dawa, tairi ni la kutupa. Rimu nayo inapinda. Kipenyo cha tairi zima hakibadiliki sana, milimita 634 kwa 17 na 637 kwa 18, hivyo ukishuka hadi 17 spidomita haikudanganyi kwa kiasi cha kukusumbua. Hao wanaopanda hadi 19 siwezi kuwasaidia kwa barabara tulizonazo.

Baada ya saizi kuna namba na herufi, kwa mfano 91W. Hiyo 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615, na W ni mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa. Najua utasema hakuna wa kufika huko, trafiki wako kila mahali kuanzia Kibaha. Lakini herufi hiyo inaeleza pia tairi linavyohimili joto, na safari ya Dar hadi Iringa kwenye jua, gari limejaa watu na mizigo, ni joto la kutosha. Nisipokuwa na sababu kubwa sishuki chini ya W, na nikipata 94W yenye alama ya XL naichukua. Hiyo imeimarishwa, inabeba kilo 670, na kwenye mashimo nimeiona inavumilia zaidi ingawa inakuwa ngumu kidogo.

Sasa mvua, maana hapa ndipo tairi linapojulikana. Barabara ya Mandela malori ya bandarini yanapita usiku na mchana, na yanaacha mafuta kwenye lami. Manyunyu ya kwanza yakidondoka pale, barabara inakuwa sabuni. Kwenye matairi mengi utakuta ubavuni neno TRACTION na baada yake AA, A, B au C. Alama hiyo hupimwa kwa breki kwenye barabara iliyoloa, tena kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo haisemi lolote kuhusu kona. Hata hivyo ni mwanzo mzuri: kwa GTI tafuta AA au A. Karibu na hapo kuna TREADWEAR na namba. Namba ikipita 500, kwa kawaida ni raba ngumu ya kudumu muda mrefu na haishiki sana. Kwenye 300 hivi ndipo matairi mengi ya magari ya aina hii yalipo. Kila kiwanda hujipimia chenyewe namba hiyo, kwa hiyo usiitumie kushindanisha chapa na chapa.

Kwa chapa, nimeridhika na Michelin Pilot Sport 4 na Continental PremiumContact 6. Kwenye maji yote mawili yalinipa usukani unaoeleza kinachoendelea chini. Ukishindwa bei, nenda Hankook au Kumho za daraja lao la juu, jipya, kuliko kununua jina kubwa la mtumba. Tairi la mtumba huoni lililofichwa ndani: kiraka, nyuzi zilizochoka, ubavu uliowahi kutembea bila upepo.

Jipya nalo uliza limezaliwa lini. Tafuta neno DOT ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, kwa mfano 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Muuzaji mmoja alinipangia matairi manne yanayong'aa, mawili yakiwa yamepishana miaka minne na wenzake. Ng'ao ile ilikuwa dawa ya kupakwa. Mimi huomba kuona tarehe kabla hatujaanza kupatana bei.

Kama mfuko unaruhusu mawili tu, mafundi wengi watayafunga mbele kwa kuwa ndiko nguvu iliko. Wakatalie kwa upole. Mapya yaende nyuma, yale ya zamani yenye kashata za kutosha yaje mbele. Mbele ikiteleza kwenye maji unaisikia kwenye usukani, unaachia mafuta, gari linarudi. Nyuma ikiteleza gari linageuka na wewe ndani, na dereva wa kawaida hana muda wa kulikamata. Wenye Subaru Impreza za turbo wao wafunge manne yanayolingana, maana magurudumu yote yanavuta na tofauti ya kipimo inaumiza difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma.

Siku ya kufunga, simama pale. Matairi mengi ya aina hii yana neno OUTSIDE ubavuni, na neno hilo lazima lionekane ukiwa nje ya gari, kwa magurudumu yote manne. Mengine yana mshale wa mzunguko. Fundi mwenye haraka hufunga lolote kokote, kisha unalaumu tairi. Balansi na alaimenti zifanyike siku hiyohiyo. Boliti za Golf hii hukazwa kwa nguvu ya Nm (nyutoni mita) 120, kwa hiyo mwombe amalizie kwa spana yenye kipimo, asiziachie mashine ya upepo peke yake.

Upepo wenyewe usikubali ule wa kila gari. Fungua kifuniko cha tenki la mafuta, stika iko nyuma yake, ina kipimo cha gari jepesi na cha gari lililojaa. Pima asubuhi matairi yakiwa bado baridi, na kilomita mia chache za mwanzo nenda taratibu, kwani raba mpya huja na utelezi wa kiwandani ambao lami inahitaji muda kuuondoa.