Re: Mchezaji anayejifanya kaumia apewe adhabu gani?

Mkuu, umeuliza kama kadi ya njano inatosha. Mi naona haitoshi kabisa, maana refa ili aitoe lazima awe na uhakika jamaa anadanganya, na refa gani atathubutu kumwambia mtu anayegaragara kashika enka eti huumwi?

MLS (ligi kuu ya Marekani na Canada) ndo wamepatia, toka 2024 ukilala chini zaidi ya sekunde 15 na daktari akaingia, unakaa nje dakika 2, timu inacheza pungufu, isipokuwa kama ni kichwa au aliyekuchezea rafu kala kadi. Hapo hakuna kubishana nani muongo, anayeongoza 1-0 dakika ya 88 anajipima mwenyewe kama inalipa, na wengi utaona wanainuka fasta kabla hata machela haijasogea. Premier League nao waliweka sekunde 30 za kukaa nje mwaka 2023 ila ni kidogo mno.

Kufungiwa mechi 2 baada ya video kama FA (chama cha soka) ya Uingereza walivyoanza 2017 ni sawa, lakini inagusa tu aliyepata penati au aliyemponza mpinzani akala redi, wapoteza muda wanapeta. Na yule aliyeibiwa pointi siku ile harudishiwi kitu, inauma sana aisee