Kwa mnaoanza rivolva: kabla ya spidiloda, tazama mpini

Kila msimu wa mashindano huku Texas wanakuja vijana wa kwetu na rivolva mpya, spidiloda mpya kiunoni (kile kishikio cha duara cha kujazia risasi zote kwa mkupuo), na makosa yaleyale ya zamani. Nawapenda, ndiyo maana nawagombeza. Juzi nilimshikia taima mmoja wao: risasi sita safi kabisa, halafu kujaza kukachukua muda ambao ningemaliza kikombe cha chai. Basi nayasema yote hapa, renji nisiulizwe tena.

1. HKS au Safariland? HKS unazungusha kitufe, risasi zinaachiwa na kushuka kwa uzito wake. Safariland unasukuma tu. Kitovu chake kikigusa nyota ya silinda, yaani kile kibati cha katikati kinachosukuma maganda nje, zote zinaachia. Mkono unaotetemeka unasukuma vizuri kuliko unavyozungusha, kwa hiyo kwa mashindano mimi ni mtu wa Safariland. Comp III yao ina springi inayozisukuma risasi ndani, ila ni nene, mfukoni haikai. HKS ni rahisi kwa bei, na risasi zake zinachezacheza. Wengine wanalitukana hilo, mimi naona linazisaidia ncha kutafuta matundu. Skrubu ya kitufe hulegea, itie tone la gundi ya skrubu. Kuchanganya aina zote mbili kwenye mkanda mmoja, usithubutu.

2. Soma namba kabla ya kulipa. Kwa HKS, 10-A ni ya fremu (ukubwa wa mwili wa rivolva) K ya Smith & Wesson, 586-A ya fremu L, 36-A ya fremu J yenye risasi tano. Risasi ni .38 ileile, spidiloda siyo.

3. Mpini. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilikuwa na rivolva ya Smith & Wesson 686 yenye mpini wa raba, spidiloda zangu za Safariland Comp II zinaingia bila tatizo, na mazoezi ya sebuleni kwa risasi bandia nilifanya mpaka mke wangu akaanza kuziokota chini ya kochi na kunipangia mezani bila kusema neno. Jioni ya kuamkia mashindano nikafunga mpini wa mbao. Mzuri, unang'aa, umejaa kiganjani. Sikujaribu kujaza hata mara moja, maana kwani silinda imebadilika?

Taima ikalia. Nikapiga sita, nikatoa maganda, nikashusha spidiloda. Ikagota. Ubavu wake umekutana na ubao wa kushoto wa mpini, imekaa upande, kitovu hakifiki kwenye nyota, na hii aina isipogusa nyota haiachii kitu. Mtu mwenye akili angeitupa na kuchomoa nyingine (ambayo nayo ingegota palepale, lakini tuseme). Mimi nikasukuma. Nikaongeza kiganja. Nikaongeza hasira. Ikaachia ikiwa imeinama vilevile: mbili ndani, nne kwenye changarawe. Nami nikainama kuziokota! Macho chini, mkono wa rivolva unafuata mwili, mtutu ukavuka mstari wa nyuzi 180, ule wa usalama ambao mtutu haupaswi kuuvuka kurudi nyuma. Mwamuzi akanisimamisha kwa sauti iliyofika mpaka maegesho. Nje ya mashindano, kituo cha kwanza, hata jasho sijatoka. Na siku hiyo nilikuwa nimemwalika shemeji yangu aje kuona. Ndani ya gari akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa shemeji, ndiyo imekwisha?" Mpaka leo, iwe harusi iwe msiba, ananiulizia changarawe.

Dawa ni msasa: upande wa kushoto, juu ya mpini, mpaka spidiloda ipite bila kugusa. Na risasi ikianguka, iache.

4. Kutoa maganda. Mtutu juu, piga kijiti cha kutolea maganda mara moja kwa nguvu. Nimesema juu! Ukiilaza, ganda moja litaponyoka na kukaa chini ya nyota, na hapo hakuna spidiloda itakayokuokoa. Kisha mtutu chini, ujaze. Ukishinda unapiga .38, sugua matundu kabla ya kutia .357 ambazo ni ndefu zaidi, masizi yanafanya pete.

5. Nunua risasi za ncha ya mviringo, zile bapa zinagonga ukingo wa tundu.

6. Stripu ya raba, ule ukanda unaoshika risasi kwa mstari. Mnaicheka kwa sababu inajaza mbili mbili. Lakini ni bapa, mfukoni haionekani, na ni bora mara nyingi kuliko risasi za kuokoteza. Newhall, California, Aprili 6, 1970, askari wanne wa doria ya barabara kuu waliuawa ndani ya dakika chache, na mmoja wao alikuwa akijaza moja moja kutoka kwenye kipochi. Baada ya hapo idara yao ikawapa askari wake spidiloda. Anayeniambia haya ni mambo ya michezo tu, huwa namsimulia hilo.

7. Munklipu, kibati chembamba kinachoshika risasi kwa vitako vyake. Najua, mmemwona Jerry Miculek, yule bingwa wa rivolva wa Marekani: mwaka 1999 alipiga sita, akajaza, akapiga sita nyingine, sekunde 2.99. Hicho kibati kinaingia na risasi zote na kutoka na maganda yote, kwa kasi hakina mpinzani. Asili yake ni rivolva za M1917 za Colt na Smith & Wesson, zilizotumia risasi ya .45 ACP isiyo na ukingo wa kushikwa na nyota. Klipu za wakati huo zilibeba tatu tatu. Ila silinda lazima iwe imechongwa kuipokea, na kibati kikipinda kidogo tu silinda inagoma. Kuna kijana alizitia mfuko wa nyuma wa suruali akazikalia njia nzima kutoka Houston. Zikague nyumbani kwa risasi bandia: funga silinda, izungushe polepole, inayokwama itupe. Usiinyooshe kwa koleo. Na wewe uliyezikalia unajijua, usije ukamwazima mwenzako.