Pesa ya kiinua mgongo itanifikisha wapi?

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 60, naishi Ngamiani hapa Tanga. Kiinua mgongo nimelipa madeni na kumalizia nyumba, imebaki milioni 48 ipo benki kwenye akaunti ya kawaida. Pensheni napata elfu 350 hivi kwa mwezi lakini matumizi ya nyumbani ni kama 950,000. Mpwa wangu ananiomba milioni 9 anunue bajaji, atarudisha kidogokidogo. Hizi hela zitanikalia miaka mingapi? Mama yangu bado yupo, ana 84, kwa hiyo kwetu tunaishi sana inshallah.

JIBU: Waaleikum salaam, shikamoo mwalimu. Kwanza hongera kwa kumalizia nyumba, wengi wanastaafu bado wapo kwenye msingi.

Hesabu haianzii kwenye ile 48, inaanzia kwenye pengo. 950,000 toa 350,000 ni laki 6, hiyo ndo unayochota kila mwezi. 48 gawa kwa laki 6 ni miezi 80, yaani miaka 6 na miezi 8, na hapo nimejifanya kama vile bei za sokoni Mgandini zimegandishwa. Hazigandi. Tuseme bei zinapanda 5 kwa mia kila mwaka na hela zako zimelala tu hapo benki, mwaka wa 6 haumaliziki zimeisha, wewe una 65 na mama yako hapo anakuangalia.

Sasa zikiwa zinazaa je? Tuseme umeweka sehemu inayokupa 4 kwa mia juu ya kupanda kwa bei, mfano hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali, zinazouzwa na Benki Kuu (riba yake inalipwa kila miezi 6) au mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT, ingawa hiyo 4 hakuna wa kukuhakikishia kila mwaka. Ukiendelea kuchota laki 6, ikipanda pamoja na bei, unafika miaka 7 na miezi 9 hivi, yaani ukilinganisha na zilizolala benki hata miaka 2 hujaongeza! Watu wanahangaika kutafuta riba kubwa (na huko ndo matapeli wanakowasubiri) wakati tatizo ni kijiko kikubwa. Punguza uchote laki 3 uone, kwa riba ileile zinakaa karibu miaka 19. Ukitaka zikufikishe 85, chota kama laki 2 na nusu.

Kuna Mmarekani anaitwa Bill Bengen, mwaka 1994 alipiga hesabu kwa historia ya hisa na hatifungani za kwao akaona mstaafu akichota 4 kwa mia mwaka wa kwanza halafu akawa anaongeza kulingana na mfumuko wa bei, hela inakaa angalau miaka 30. Kwa milioni 48 hiyo ni 160,000 kwa mwezi. Soko la kwao silo letu, lakini linganisha na laki 6 yako.

Kwa hiyo hiyo 950,000 inabidi uifungue. Chukua daftari, si unazo bado, andika miezi 3 kila kitu, luku, dawa za presha, mahamri na barazi za asubuhi, vocha, na hasa zile "naomba unitumie kidogo baba" za kwenye simu, maana hizo ndo huwa hazimo kwenye hesabu ya mtu. Nyumba umemaliza, kama kuna chumba cha uani pangisha, elfu 50 ya mpangaji inapunguza pengo moja kwa moja.

Kuhusu bajaji, milioni 9 ni miezi 15 ya laki 6 zako. Mwambie mpwa utamchangia laki 5 ya kianzio, bila deni, zilizobaki akatafute kwa vijana wenzake wenye mishahara.