Mama Alipata Kifafa cha Mimba: Je, Nami Nitakipata?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 27 na ujauzito wangu wa kwanza umefikisha wiki 11. Mama alipata kifafa cha mimba alipokuwa na mimba yangu, na dada yangu alijifungua mtoto njiti akiwa na wiki 33. Kliniki niliulizwa kama kuna ugonjwa katika familia yetu, nikajibu hakuna, kwa kuwa niliona hayo ni mambo ya uzazi tu. Je, nami yatanipata?

Mama mtarajiwa

JIBU: Marahaba. Nakuomba urudi kliniki mapema, ikiwezekana wiki hii, ukaieleze historia hiyo na kuhakikisha kuwa imeandikwa kwenye kadi yako, kwa sababu umri wa mimba yako bado unaruhusu hatua ambayo baadaye hupoteza nguvu.

Kifafa cha mimba ni degedege linalotokana na shinikizo la juu la damu la ujauzito, ambalo kwa kawaida huanza baada ya wiki ya 20 na mara nyingi huambatana na protini katika mkojo. Mwanamke ambaye mama au dada yake alipata shinikizo la namna hiyo ana uwezekano wa kulipata unaokaribia mara mbili hadi tatu ya ule wa mwenzake asiye na historia hiyo. Hata hivyo, kwa kuwa huwapata takriban wajawazito 2 hadi 8 katika kila 100, wengi wenye historia kama yako hujifungua bila kulipata kabisa.

Kwako kuna jambo la pili, nalo ni kwamba hii ni mimba ya kwanza, ambayo peke yake huongeza uwezekano huo. Mambo haya mawili yanapokutana, mwongozo wa Uingereza, kwa mfano, hupendekeza aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 hadi 150 kila siku, kuanzia wiki ya 12, na manufaa yake huwa makubwa zaidi inapoanzwa kabla ya wiki ya 16. Usijinunulie dawa hiyo. Daktari wako ndiye atakayeamua baada ya kukupima.

Kuhusu dada yako, muulize jambo moja: uchungu ulianza wenyewe, au madaktari ndio walioamua mtoto atolewe? Iwapo presha yake ilikuwa juu na wakalazimika kumzalisha mapema, basi huenda yake na ya mama ni hali ile ile, na si mikosi miwili tofauti. Iwapo uchungu au kupasuka kwa chupa kulikuja kwenyewe, hilo pia liseme, kwa maana kuzaa kabla ya wakati nako huelekea kujirudia kwa kiasi fulani miongoni mwa ndugu wa tumbo moja. Mama naye aulizwe ni katika mwezi gani alianza kuugua.

Usimsahau mama mkwe. Wengi hudhani urithi huu ni wa upande wa mke tu, lakini kondo la nyuma hubeba pia chembe za urithi za baba, na mwanamume aliyezaliwa kutokana na mimba yenye tatizo hili huongeza kidogo uwezekano kwa mkewe.

Taja pia mzazi au ndugu mwenye kisukari, aliyewahi kuganda damu miguuni au mapafuni, au aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Kama yupo aliyejifungua kwa upasuaji, upasuaji wenyewe haurithiwi. Kinachohitajika ni sababu iliyoufanya ufanyike.

Kila hudhurio hakikisha umepimwa presha na mkojo. Kipimo cha 140/90 au zaidi hakipaswi kuachwa bila kufuatiliwa. Ukipata maumivu makali ya kichwa yasiyotulia, ukiona ukungu au vimulimuli, ukiumwa chini ya mbavu, au uso na mikono vikivimba ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki, hata kama dalili hizo zitakuja katika wiki za kwanza baada ya kujifungua.