Ninunue spika ya inchi 8 ya wati 300 au ya inchi 4 ya wati 20?

SWALI: Mkuu habari za kazi. Nataka kujitengenezea spika mbili za sebuleni, chumba ni mita 4 kwa 5, mambo ya krosova (kugawa sauti za juu na za chini kwa spika tofauti) siyawezi ndo maana nimeamua kwenda na fulu renji, yaani spika moja inayopiga sauti zote. Kariakoo nimepata za aina mbili. Ya kwanza inchi 8, omu 8, sumaku kubwa, nyuma imeandikwa wati 300, haina karatasi yoyote. Ya pili inchi 4, omu 8, wati 20 tu, na bei yake karibu mara mbili ya ile kubwa, ila ina karatasi: Fs 80 Hz, Qts 0.45, Vas lita 8, sensitiviti 87 dB. Amplifaya ninayo, ile bodi ndogo ya 12V yenye wati 50+50. Fundi wa huku kwetu Morogoro anasema nichukue yenye wati nyingi, boksi atanikatia, ukubwa atakadiria kwa macho. Nishauri.

JIBU: Chukua ya inchi 4, na fundi mwambie asante, utamwita siku ya kukata mbao akate kwa vipimo utakavyompa wewe.

Hili swali la wati linanichosha kuliko yote kwenye kazi hii, silisemi kwa ubaya kwako maana wewe angalau umesoma karatasi, wengi hawafiki hata hapo. Wati iliyoandikwa nyuma ya spika haikwambii spika italia kwa nguvu kiasi gani wala itapiga vizuri kiasi gani. Inakwambia koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inavumilia joto kiasi gani kabla haijaungua, basi, na hapo ni kama namba yenyewe ni ya kweli. Kinachokwambia ukubwa wa sauti ni sensitiviti, yaani dB zinazotoka ukiipa spika wati 1 na kupima ukiwa mita 1. Kila dB 3 zikiongezeka ni sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya mara mbili, kwa hiyo spika ya 93 dB ukiipa wati 6 tu inalia karibu sawa na ya 84 dB iliyopewa wati 50. Sasa mtu anakwambia wati 300 alafu sensitiviti hajui, amekuuzia nini hapo? Huko ndo kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Na amplifaya yako nayo ina stori ileile. 12V haiwezi kutoa wati 50 kwenye omu 8, hata chipu iwe nzuri vipi. Piga hesabu mwenyewe: 12 mara 12 ni 144, gawa kwa mara mbili ya omu, yaani 16, unapata wati 9, na hiyo ni kama hakuna kinachopotea njiani. Zile 50 zinapatikana kwenye omu 4 na umeme wa volti 20 na kitu, tangazo halisemi. Kwa hiyo una wati 8 au 9 za kweli kila upande, na kwa hizo spika ya wati 300 ungekuwa unalipia namba ambayo haitaguswa maisha yako yote. Ile ya inchi 4 kwa wati 8 inafika kama 96 dB ukiwa mita 1, zikiwa mbili na wewe umekaa mita 3 unabaki na karibu 90 dB. Kwa sebule hiyo ni kelele tosha, majirani watakuja kukusalimia.

Hiyo ya wati 300 yenyewe, ukirudi dukani iangalie kikofia cha katikati ya koni, kwa kawaida kinakupa picha ya upana wa koili iliyo chini yake. Kama koili ni ya inchi moja hivi, kubeba wati 300 mfululizo hamna kitu kama hicho. Weka vidole vya mikono miwili kwenye koni pande mbili zinazotazamana, isukume taratibu, ukisikia inakwaruza ndani iache hapohapo. Pima omu kwa mita ya umeme, spika ya omu 8 inatakiwa isome kama 6 hadi 7. Stika nayo ikwangue ukucha pembeni, zipo ambazo chini yake unakuta stika nyingine yenye namba ndogo zaidi. Na sumaku kubwa isikutishe, wapo wanaogundisha ya pili nyuma ili spika iwe nzito mkononi, mteja anaipima kwa mkono anaridhika anatoa hela.

Sasa boksi. Hizo herufi kwenye karatasi yako (Fs ni Hz ambazo koni inatikisika kirahisi zaidi yenyewe, Qts ni jinsi mtikisiko huo unavyodhibitiwa, Vas ni ulaini wa koni ukipimwa kwa lita za hewa) zinatokana na kazi ya Neville Thiele kule Australia mwaka 1961, alafu Richard Small akaiendeleza miaka ya 70, na faida yake ni moja tu, kwamba mtu asikadirie kwa macho. Kwa Qts 0.45 na Vas lita 8, boksi lililozibwa litakalokupa besi iliyotulia ni lita 5.5. Kwa ndani hiyo ni upana sm 16, urefu sm 23, kina sm 15, ukitumia MDF ya mm 18 kwa nje upana unafika kama sm 20. Ziba kona zote na silikoni, weka nyuzi za kujazia mito kiasi bila kushindilia. Besi itaanza kushuka kuanzia kama 126 Hz. Ndio, ni juu, sikudanganyi, na anayekuahidi besi ya kanisani kutoka inchi 4 muulize koni itasogea wapi, maana ukishuka oktavu moja, yaani Hz zikipungua nusu, kwa sauti ileile koni inatakiwa isogee mara nne zaidi. Ukitaka kushuka zaidi kidogo fanya boksi la tundu, linakuwa kubwa zaidi, hilo lipigie hesabu kwenye WinISD, programu ya bure. Ama ongeza sabufa baadaye uiweke mbele katikati ya spika, siyo kwenye kona ya nyuma.

Usifikiri inchi 8 ni mbaya kwa kuwa ni kubwa, zipo fulu renji nzuri sana za inchi 8 ila zinakuja na karatasi na bei yake siyo hiyo. Shida ya koni pana ni kwamba kuanzia kama 2,000 Hz sauti inaanza kwenda mbele tu kama mwanga wa tochi, ukisogea pembeni ya kochi maneno yanafifia. Kile kikoni kidogo wanachogundisha katikati kinasaidia, ila kwenye zile za bei che kinaleta ukali unaochosha masikio baada ya nusu saa.

Kuna kitu kimoja mafundi wengi hawakijui na ndo kinafanya watu waseme fulu renji zinalia kama redio ya mkulima. Ubao wa mbele ukiwa mwembamba, sauti za chini zinazunguka nyuma ya boksi na zinapungua mbele. Kwa ubao wa sm 20 hiyo inaanzia karibu 575 Hz. Fundi akisikia sauti nyembamba anaongeza tuita, ile spika ndogo ya sauti za juu, yaani anaongeza kilekile ambacho tayari kimezidi, alafu anaongeza nyingine, mwisho boksi lina matundu sita na sauti haikaliki. Dawa yake ni koili ya kununua pembeni (siyo ile ya ndani ya spika) ya karibu 1.5 mH sambamba na rizista ya omu 4 hadi 6 ya wati 10, alafu hivyo viwili kwa pamoja vikae kwa mfuatano kwenye waya mmoja unaokwenda kwenye spika. Utapoteza ukubwa wa sauti kidogo. Ukiweka spika karibu na ukuta, punguza rizista.

Na nyie mnaofikiri mkipanga spika ndogo nyingi besi inakuja yenyewe, Bose 901 ya mwaka 1968 ilikuwa na spika 9 za inchi 4.5 kwenye boksi moja na bado ilihitaji ikwalaiza yake maalumu ili besi itoke. Ukiunganisha nne za omu 8 sambamba unabaki na omu 2, hiyo bodi ya 12V itazima au itaungua kabisa.

Kama kuna mtu anasoma hapa na ameshanunua spika zisizo na karatasi, usikate mbao kwanza. Ishike spika hewani bila boksi, unganisha rizista ya omu 1,000 kwa mfuatano kati ya amplifaya na spika, piga toni kutoka programu ya simu kuanzia 30 Hz ukipanda taratibu, mita ya umeme iwe kwenye volti za AC, ncha zake ziguse miguu miwili ya spika. Pale volti inapopanda juu kabisa alafu ikaanza kushuka ndo Fs yako. Zile zinazouzwa kama fulu renji za besi kubwa alafu zinasoma 140 Hz, hamna boksi litakalozipa besi, zirudishe zilikotoka hela ikiwa bado inarudishika.