Shangazi, niache ualimu nikalime parachichi?

*Shangazi, nina miaka 34, nafundisha hesabu sekondari ya kata wilayani Mufindi, mwaka wa tisa sasa. Tangu aje mkuu mpya wa shule sina amani. Ananigombeza mbele ya wanafunzi, ameniongezea vipindi, na Jumapili jioni nikiifikiria Jumatatu moyo unadunda. Marehemu baba alituachia shamba Lupembe, mkoani Njombe, mimi nilionyeshwa ekari mbili. Nataka kuacha kazi nipande parachichi. Fomu ya mkopo wa watumishi nimeshaichukua benki. Fedha zikiingia naandika barua ya kuacha. Deni la masomo ya chuo la Bodi ya Mikopo bado ninalo. Mume wangu, yuko Makambako kwenye biashara, anasema niamue mwenyewe. Mama analia: "Usiache mbachao kwa msala upitao." Siku yangu nzuri ni Jumamosi tu, nikikaa na wale wa kidato cha pili wasioelewa aljebra. Nifanyeje?*
*Mwalimu M., Mufindi*

Kamwene, mwanangu.

Barua yako nimeifupisha hapo juu, ila niliisoma nzima mara tatu. Kurasa mbili na nusu ni za mkuu wa shule. Parachichi limepata mistari sita. Mwenye hamu ya shamba huandika habari za shamba: udongo wake, maji yako wapi, mpaka na jirani. Wewe umeandika habari za mtu mmoja. Na katikati ya uchungu wote huo ukakumbuka kuniambia kwamba Jumamosi, siku ambayo hakuna anayekulipa, unakaa na watoto wa aljebra na unafurahi. Aliyechoka na ualimu hafanyi hivyo. Umechoka kudhalilishwa, na una haki ya kuchoka.

Kwa hiyo huyo mkuu tumshughulikie kwanza. Kuanzia kesho weka daftari: tarehe, alichosema, nani alikuwepo. Andika malalamiko kwa afisa elimu sekondari, ubaki na nakala, na mwakilishi wa chama chako cha walimu ajue. Kama hawatakusikia, Tume ya Utumishi wa Walimu ina ofisi wilayani, nenda. Wakati huohuo omba uhamisho kwenye ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, uombe mkoa wa Njombe. Mume wako yuko hukohuko, Makambako, na kumfuata mwenza ni sababu inayoeleweka. Tafuta na mwalimu wa Njombe anayetaka kuja Mufindi mbadilishane. Ukifanikiwa, umemkimbia mkuu, umemkaribia mume na umelikaribia shamba, bila kupoteza hata mshahara mmoja.

Sasa parachichi lenyewe. Ndoto yako si ya kijinga, na nakuomba usimruhusu mtu akucheke. Njombe na Rungwe nimeona nyumba zilizojengwa kwa parachichi aina ya Hass. Lakini mche wa Hass uliobebeshwa huanza kukupa matunda ya kuonja kwenye mwaka wa tatu, na mavuno ya kutegemea kulisha nyumba huja baadaye zaidi. Kabla ya hapo mti hauna cha kukupa, ni wewe unayeupa: mbolea, samadi, palizi, kibarua wa kuutazama. Miaka hiyo shamba halikuhitaji wewe kila siku, mwanangu. Linahitaji mshahara wako.

Na tazama kalenda. Mvua zetu zinashika Desemba, na Desemba shule zimefungwa: ndipo miche inapoingia shimoni. Sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, inakuja Juni na Julai, na Juni shule zimefungwa tena: ndipo unapokwenda kuifunika miche michanga kwa nyasi. Huna haja ya kuacha kazi ili uwepo siku shamba linapokuhitaji. Ila usipande bondeni, baridi hutuama huko. Jirani yangu alipanda bondeni, na asubuhi moja ya Julai akakuta miche yote imenyauka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Anza na ekari moja. Kwa mita 7 kwa 7 inabeba miche kama 80, na katikati unaweza kupanda maharage hadi miti itakapotandaza kivuli.

Umesema "nilionyeshwa" ekari mbili. Neno hilo limenishtua kuliko yote. Nani alikuonyesha, na kiliandikwa nini? Parachichi ni mti wa miaka mingi. Leo kaka zako wanakuona dada yao tu anayehangaika na miche; siku lori la mnunuzi litakaposimama pale, mazungumzo yatakuwa mengine. Kabla ya mche wa kwanza, kiitishwe kikao cha familia, muhtasari uandikwe na kila mtu atie sahihi, kisha ufuatilie serikali ya kijiji upate hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lako. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume.

Kuhusu mkopo nitakuwa mkali. Kukopa kwa dhamana ya mshahara ambao tayari umeamua kuuacha ni kujifunga kamba shingoni, na si uaminifu pia. Benki haitaukata mti ambao haujazaa, itakutafuta wewe. Bodi ya Mikopo nayo inakukata asilimia 15 ya mshahara leo bila wewe kuhangaika. Ukiacha kazi deni haliachi. Fao la kukosa ajira halimhusu aliyeacha kwa hiari yake. Na pensheni ya uzeeni inataka uwe umechangia miezi isiyopungua 180. Wewe, mwaka huu wa tisa ukiisha, utakuwa na kama 108. Usiipuuze hiyo hesabu, mwalimu wa hesabu.

Mama yako usimwone mkorofi. Mbachao wako anaujua, ulimsomeshea wadogo zako pengine. Ila mwambie hivi: msala huu haupiti. Umelala Lupembe, wa baba, unakungoja, na unaweza kuukalia polepole huku mbachao bado uko chini yako.

Moyo kudunda kila Jumapili nenda ukaangaliwe hospitali, usingoje uhamisho. Na ukishahamia shule nyingine, ukamaliza muhula mzima chini ya mkuu mwenye staha, na bado Jumatatu inakutisha hivihivi, niandikie tena. Hapo nitakubali kwamba ni kazi yenyewe, na barua ya kuacha tutaiandika pamoja. Fomu ya benki, kwa sasa, iache kwenye mkoba.